Pumzi ya Nyuki

Songea, 14 Machi 1905

Kwa mdogo wangu Bakili bin Daimu, Mikindani, dukani kwa Banyani.

Salamu zangu nyingi, na za mume wangu Swalehe. Sisi wazima, isipokuwa kifua changu, na hicho ndicho kilichonishikisha kalamu.

Kifurushi chako kimefika. Niliagiza dawa ya pumu. Niliagiza kwa maandishi, kisha nikamwambia kiongozi wa msafara kwa mdomo, kisha nikamtajia tena alipokwisha kuaga, mpaka akaniambia, mama, nimesikia. Watu wametembea karibu mwezi mzima kutoka huko pwani. Nikafungua kitambaa cha juu, nikafungua cha ndani, nikakuta karatasi. Karatasi, Bakili, yenye picha ya pua.

Unanifundisha nizibe tundu la kulia kwa kidole gumba, nivute kwa la kushoto, nihesabu mpaka nne, kisha nizibe la kushoto nitoe kwa la kulia. Mdogo wangu, nina miaka thelathini na minne. Pumzi nimezivuta tangu siku niliyozaliwa. Shida yangu si kutojua zinakopita, shida ni kwamba hazipiti. Kumwambia mwenye pumu avute pumzi ni sawa na kumwambia mwenye njaa atafune.

Na baridi ya huku inakuja. Mwaka jana mwezi wa sita nililala nimekaa, mgongo ukutani, wiki tatu nzima. Swalehe naye akirudi kurina asali Matogoro nguo zake zinanuka moshi wa mizinga, na moshi ule ukiniingia najiona nimekufa. Unavyomjua shemeji yako, Mngoni wa maneno machache, lakini nilipomsomea karatasi yako alicheka mpaka akaegemea mlango.

Marehemu baba alitufundisha sote wawili kusoma na kuandika ili tusaidiane. Basi nisaidie. Nitumie dawa. Karatasi tunazo.

Dada yako,
Zabibu binti Daimu


Mikindani, 22 Aprili 1905

Dada Zabibu, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama, maana ilinichapa. Habasoda na mvuje nimekufungia humu, ili usiseme tena. Lakini na karatasi nimeweka, na safari hii ni ndefu zaidi, kwa sababu ile ya kwanza uliicheka bila kuijaribu. Wewe ndivyo ulivyo. Hata uji ulikuwa unasema umeungua kabla hujaonja.

Tajiri wangu Ranchod alikuwa na pumu kama yako. Sasa ana miaka sitini na anapakua mizigo ya nta pamoja na wapagazi. Kila alfajiri anakaa juu ya mkeka nyuma ya duka, mgongo umenyooka, anafanya pumzi zake. Ni sehemu ya elimu ya kwao waiitayo yoga. Nami nilimcheka. Kisha, unajua hasira zangu, nilimrushia mteja jiwe la mizani, kidogo nifukuzwe kazi. Ranchod hakunigombeza, alinikalisha mkekani. Tangu siku hiyo sijarusha kitu.

Sikiliza. Ya kwanza ni ile ya tundu moja moja, hutuliza moyo unaokwenda mbio. Ya pili: ukivuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya nane, polepole. Ranchod anasema mwenye pumu hudhani amekosa hewa, kumbe kifua chake kimejaa hewa ya zamani isiyotoka. Kwa hiyo anza kwa kutoa. Ya tatu wao huiita pumzi ya nyuki: fumba mdomo, toa pumzi puani huku ukivuma kama nyuki, mpaka uone fuvu linatetemeka. Hiyo huleta usingizi na kuondoa hofu. Ranchod husema, aijuaye pumzi yake haogopi kitu. Usifanye baada ya kula, na wewe usiizuie pumzi ndani, kifua chako hakitaki.

Mwisho, na hili msomee na Shemeji, asije akaona ni uganga. Ranchod anakazia kwamba haya ni mazoezi ya mwili kama kulima. Si hirizi. Hayazuii kitu kitokacho nje, wala homa, wala nyoka, wala mkuki. Huko kwao wapo waliodhani yanazuia, na wamezikwa kama wengine. Pumzi humtuliza mwenye nayo, basi.

Mdogo wako,
Bakili


Songea, 30 Mei 1905

Bakili mdogo wangu,

Salamu. Habasoda imefika. Sitaki ujivune kwa nitakayosema, kwa hiyo nayasema haraka: nimelala. Nimelala chali, kama watu, siku tisa mfululizo, na baridi imeshaanza. Ni ile ya kuanza kwa kutoa. Kwa nini katika miaka yote hii hakuna aliyeniambia nianze kwa kutoa? Nimekasirika kuliko nilivyofurahi.

Barua yako lakini ni ndefu mno. Nilikuwa namsomea Swalehe kwa sauti, yeye anakata kamba za mizinga, mimi nasoma na kugeuza mboga, mpaka nikasikia harufu ya kuungua. Siku nyingine andika kama mtu mwenye jiko.

Ila umenizulia jambo. Swalehe aliposikia habari ya pumzi ya nyuki aliacha kamba. Akasema hilo lina maana, kwa sababu warina asali wote wanajua nyuki hawaipendi pumzi ya mtu. Ukipanda mtini unahema, wanakuvamia usoni. Kesho yake akaenda Matogoro, akapanda akitoa pumzi kwa kuvuma polepole. Akarina mizinga mitano. Aliumwa mara moja tu, kidoleni. Miaka yote alikuwa akirudi na uso kama boga.

Sasa haongei kingine. Yule mtu wa maneno machache amekufa, nimebaki na huyu anayewasimulia wapita njia. Jana jirani yangu Kunegunda, yule aliyebatizwa Peramiho, aliniuliza kama kweli mume wangu amefunga kinywa cha nyuki. Nikamwambia amefunga cha kwake, na hata hicho si kweli.

Dada yako,
Zabibu


Mikindani, 8 Julai 1905

Dada, shikamoo, na leo nakuandikia nimekaa kitako kama bwana harusi. Umelala chali! Nimemwambia Ranchod, akatabasamu, na yeye si mtu wa kutabasamu mbele ya mizani.

Lakini barua hii si yako. Hii ni ya Shemeji, msomee yote.

Shemeji Swalehe, mdaiwa wa mahari yetu, uliyetuchukulia dada yetu kwa mbuzi wenye mafua: nimesikia sifa zako. Kumbe akili unayo, ulikuwa umeificha. Mimi nimekaa mkekani mwaka mzima nikapata kutuliza hasira tu, wewe siku moja umewatuliza nyuki wa Matogoro! Endelea hivyo hivyo. Nyuki wamekuheshimu, kesho nyoka atakupisha njia, kesho kutwa simba atakuamkia. Na ukizidi kuvuma, Shemeji, hata risasi ya Mdachi ikifika kwako itasimama, ikuombe radhi, irudi bomani ikalale. Uwafundishe na Wangoni wenzako, msitufiche.

Wako mtani asiyekusamehe wale mbuzi,
Bakili


Songea, 6 Agosti 1905

Bakili,

Salamu nafupisha. Umeniletea balaa nyumbani, na wewe ndiye utakayeiondoa.

Ua wangu hauna nafasi ya kuanika ulezi. Kila alfajiri wanaume ishirini, leo ishirini na sita, wamekaa chini wamefumba macho wanavuma, na Swalehe anapita katikati yao akiwanyoosha migongo. Wanakuja na kuku. Mimi napika togwa ya kuwanywesha. Nikisema nimechoka, naambiwa nikae nitoe pumzi. Mimi, Bakili! Mimi mwenye pumu naambiwa na watu wa juzi jinsi ya kutoa pumzi.

Hilo ningelivumilia. Lakini kuna habari zinatoka kaskazini za dawa ya maji. Wanasema aliyeinywa, risasi ikimgusa inageuka maji. Watu hapa wamechoka na kazi za bomani na viboko, wanasubiri iwafikie. Na sasa wameunganisha: maji ni kinga ya ngozi, pumzi ya Swalehe ni kinga ya ndani. Mwiba wa nyuki umeshindwa, wanasema, na risasi ni nyuki wa chuma tu. Swalehe mwanzo alikataa. Siku hizi hakatai. Juzi alikuwa ananoa mkuki wa baba yake.

Nimemwambia ni mazoezi ya kifua. Hanisikilizi. Anasema mimi nasoma ninachotaka. Wewe anakuamini, anasema Bakili ni mtu wa pwani, amekaa na mwenye elimu yenyewe. Nimegombana naye mpaka tumefikia hapa: mbele ya watu wote nimeapa kwamba barua yako ijayo sitaigusa. Aliyeileta ndiye ataifungua na kuisoma palepale uani, kila mtu asikie. Na Swalehe ameapa kwamba lolote utakalosema atalifuata.

Basi andika. Andika kwa wino mzito kwamba pumzi haizuii kitu. Mume wangu atakwenda vitani akivuma, na sina mwingine.

Zabibu


Mikindani, 14 Septemba 1905

Dada yangu, barua yako imefika leo asubuhi.

Ile ya Julai imefika? Ile niliyomwandikia Shemeji? Kama haijafika, mtu akija nayo umpokonye, vunja kiapo, itupe motoni, dhambi iwe yangu. Nilikuwa namtania, dada. Yeye na mimi lini tumeandikiana bila utani?

Shemeji Swalehe, ukisomewa haya: pumzi haizuii risasi. Haizuii hata jiwe la mtoto. Nyuki walikuacha kwa sababu ulitulia, na nyuki ana macho ya kuona aliyetulia, risasi haina. Ranchod amekaa hapa kando yangu, ameweka sahihi yake kwa maandishi ya kwao, anasema vivyo hivyo. Baki nyumbani na mke wako.

Na wewe Zabibu, kuna jambo silielewi, na linaniudhi ingawa si wakati wa kuudhika. Haya yote nilikwisha kuyaandika mwezi wa nne. Aya ya mwisho. Niliandika si hirizi, nikataja mpaka mkuki, nikakuambia umsomee. Ulimsomea? Akasema nini?

Njia ya Tunduru inasemekana imefungwa, misafara imesimama. Nimempata Myao mmoja anayekwenda kwao, amekubali kuichukua mpaka atakapofika. Naandika ya pili kama hii, nitampa mwingine.

Bakili


Mikindani, 20 Januari 1906

Dada,

Hii ni ya tatu tangu Septemba. Watu wanasema mengi kuhusu Songea, na wote wanaonisimulia hawajafika. Nijibu neno moja. Hata ukinitukana.

Bakili


Songea, 11 Aprili 1906

Bakili bin Daimu,

Barua zako tatu zimefika pamoja leo. Zilikwama Tunduru, moja baada ya nyingine, zikakusanyika katika mfuko wa mtu mmoja. Nimezisoma kwa zamu, ya Septemba kwanza. Umeandika vizuri. Wino mzito, kama nilivyoomba.

Swalehe amefariki. Ni tangu mwezi wa kumi.

Ile ya Julai ilifika tarehe ishirini na nne Agosti. Aliileta Daudi, kiongozi wa msafara wa nta, mtu mwenye sauti nzuri. Nilikuwa nimefurahi hata nikamtandikia mkeka mpya. Nilidhani ni jibu langu. Sikuhesabu siku, nami ndiye niliyekuwa nikihesabu kila kitu. Aliposoma habari ya mbuzi wenye mafua watu wakacheka, nami nikacheka. Alipofika kwenye risasi hakuna aliyecheka isipokuwa Swalehe, na yeye kidogo tu. Nikasimama nikasema huu ni utani, mnajua mashemeji. Swalehe akaniambia taratibu, hana hasira, "Mtani ndiye asemaye kweli, Zabibu. Wengine wote hutuonea haya." Na nilikuwa nimeapa.

Dawa ya maji ilifika baada ya siku chache. Akainywa, akaenda pamoja na wale wa uani kwangu.

Mwezi wa kumi Wadachi waliwakuta kambini alfajiri. Wana bombomu, ile bunduki inayofyatua bila kupumua. Sisi wanawake tulikuwa msituni Matogoro, mimi na Kunegunda katika pango moja. Wanaume wawili wakamleta Swalehe juu ya machela ya matawi. Ilikuwa imemwingia chini ya mbavu. Alikuwa anahema mafupi mafupi, kama mimi nilivyokuwa mwezi wa sita. Nikamwambia usivute, toa. Anza kwa kutoa. Nikamshika nikahesabu, nane za kutoa, nne za kuvuta, yeye akinifuata. Pumzi zikarefuka kweli, uso ukalegea, akaacha kuogopa. Hilo nalisema kwa haki ya Banyani wako.

Akaniambia mzinga wa juu ya kijito umeiva, usipite wiki. Kisha akaniuliza, "Bakili alikuwa ananitania?" Nikamwambia hapana, hukutania. Jua lilipopanda nilikuwa nahesabu peke yangu.

Baada ya hapo wamechoma maghala yote. Nimeona watu wanakula mizizi. Bomani wamenyonga wazee wetu, sitaki kuandika hayo. Mimi na Kunegunda tumeishi kwa asali. Mizinga ya Swalehe naipanda mwenyewe sasa, kanga nimeifunga kiunoni, navuma kama alivyokuwa akivuma, na hawaniumi sana. Mara mbili askari walipita mbele ya pango, na kifua changu hakikupiga filimbi. Kila asubuhi naziba tundu la kulia, navuta kwa la kushoto, na kila asubuhi nakukasirikia, Bakili, na kila asubuhi kifua kinafunguka. Nimejaribu kuacha nikukomoe. Nikikaa siku tatu bila kufanya, pumu inarudi, naanza tena huku nakusema.

Umeniuliza kuhusu aya ya mwisho, na nimeizungukia barua nzima. Basi.

Sikumsomea. Nilimtolea barua yako ile mwezi wa saba, mambo yalipokwisha kuharibika. Nikamwambia tazama, Bakili alisema si hirizi, ametaja mpaka mkuki. Akaichukua karatasi, akaigeuza huku na huku, unajua hakusoma. Akaniuliza mbona siku ile ya kwanza hayo hayakuwemo. Akanirudishia, akasema nimeyatunga. Ndipo nikapata wazo la kiapo, barua isomwe na mwingine, ili aniamini.

Siku ile ya kwanza nilifika kwenye "haogopi kitu", nikaona bado kuna aya nzima, nikaikunja. Mboga ilikuwa inaungua.

Dada yako,
Zabibu